Chupa ya Kupimia Wezi

Nguruwe akichomwa mkuki, walio kando hushangilia. Humsifu aliyerusha, wakameza na mate, na hakuna hata mmoja anayeuliza nguruwe ameumiaje. Lakini hebu mkuki huo huo ugeuke, ncha yake imguse aliyeurusha! Hapo utasikia mayowe: jamani, huu ni unyama, jamani, tuoneeni huruma! Ndivyo tulivyo wanadamu. Tendo tunalomtendea mwenzetu huku tunacheka, tukitendewa sisi tunaita dhuluma. Asiyesadiki na aende Jericho, hapa Nairobi, aulize habari za Januari ya mwaka wa 1976, wakati Naftaly Wanyoike alipoleta chupa yake ya kupimia wezi.

Ukumbi wa mtaa huo ulikuwa na mtunzaji wake, mjane mmoja kutoka Mbooni, huko Ukambani, jina lake Kavata. Majirani walimwita Mama Mbeti, kwa jina la binti yake wa pekee. Mumewe, Matheka, alikuwa dereva wa lori, na alipofariki, kamati ya ukumbi ilimpa Kavata kazi ya kuutunza pamoja na chumba kilichokuwa nyuma yake. Kazi ile ndiyo iliyompa unga, na chumba kile ndicho kilichompa Mbeti mahali pa kulala na njia fupi ya kwenda shule. Bila ufunguo wa ukumbi, mama na mwana hawakuwa na mbele wala nyuma.

Kavata naye aliutunza ukumbi ule kama mboni ya jicho. Sakafu aliipaka nta nyekundu, akaisugua kwa gunia mpaka ukiinama unauona uso wako. Aliweka sharti moja: viatu vyote vibaki mlangoni. Akina mama wa chama cha kushona walizoea kuingia miguu mitupu, na asiyezoea alizoezwa kwa ulimi. "Aingie na viatu atakaye," Kavata alikuwa akisema, "ila ajue tambara liko pale na ndoo iko hapa." Yeye mwenyewe alikuwa na raba zake nyeupe ambazo hazikukanyaga nje hata siku moja. Zilikuwa za kufanyia kazi mle ndani tu, maana sementi ilimuumiza visigino.

Aliyelidharau sharti hilo alikuwa mmoja tu, naye ni mwenyekiti wa kamati, Naftaly Wanyoike. Huyu alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, maneno mengi, na raizoni, vile viatu vya siku zile vyenye soli nene kama tofali. Bila viatu hivyo Naftaly alimfikia mkewe mabegani. Kwa hiyo hakuvivua kwa ajili ya sakafu ya mtu yeyote. Alipita navyo ko-ko-ko mpaka meza ya mbele, na Kavata akabaki nyuma yake akisugua alama huku amemeza maneno. Mkubwa ni jalala, eti! Lakini jalala hilo lilikuwa likimwagia wengine taka.

Jumatatu moja, shule zikikaribia kufunguliwa, Kavata alifungua ukumbi akakuta meza ya cherehani imebaki kipara. Kichwa cha cherehani, mali pekee ya maana ya chama kile, kilikuwa kimefunguliwa skrubu na kuondolewa. Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima. Kavata alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akakimbia mpaka dukani kwa mwenyekiti akiwa na tambara lake mkononi.

"Mzee Naftaly, tumeibiwa! Cherehani haipo!"

Mwenyekiti hakushtuka. Alikuwa akipanga spoku za baiskeli, na aliendelea kuzipanga. "Ufunguo uko kwa nani, Mama Mbeti?"

"Uko kwangu. Na wa pili uko kwako, Mzee."

Kavata alilisema hilo bila nia mbaya, maana ndivyo mambo yalivyokuwa: ufunguo mmoja wa mtunzaji, mmoja wa mwenyekiti. Lakini Naftaly alimkazia macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Nenda," akasema. "Jumamosi kutakuwa na mkutano. Nitawaonyesha mwizi."

Jumamosi ilipofika, ukumbi ulijaa. Akina mama walivua viatu, wakaketi kwenye mabenchi. Vijana walijazana madirishani. Juu ya meza ya mbele palikuwa na kitu kilichofunikwa kwa leso, na Naftaly alipokifunua, watu wote waliguna. Ilikuwa chupa ya kioo. Mdomoni ilizibwa kwa kizibo cheusi, na katikati ya kizibo kilipita kijiti cha shaba chenye kifundo cha mviringo juu. Chini, ndani ya chupa, mwishoni mwa kijiti, vilining'inia vijani viwili vya dhahabu, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vikiwa vimelala pamoja kama kurasa za kitabu.

Naftaly alikuwa ameinunua mnadani, katika makorokoro ya maabara ya shule moja ya zamani. Muuzaji mwenyewe hakujua ni ya nini. Naftaly naye hakujua, ila aliwahi kusikia kwamba ughaibuni kuna mashine inayomtambua mwongo, na ya mambo mengine akajijazia mwenyewe.

"Akina mama," akaanza, mkono mmoja mfukoni, "Mzungu hatii dhahabu kwenye chupa kwa mchezo. Hiki ni kifaa cha kupimia. Ukikigusa na moyo wako ni safi, vijani vitalala. Ukiwa umechukua cha watu, vitafunguka kama mdomo wa kinda la ndege. Na atakayeshikwa na kifaa, nyumba yake itapekuliwa leo hii, peupe, na asibishe. Mmekubali?"

"Tumekubali!" ukumbi ukaitikia. Walikubali upesi kwa kuwa kila mtu alijua atashikwa mwingine. Hata Kavata aliitikia, tena kwa sauti. Alitaka mwizi apatikane kuliko wote.

"Kila mtu avue sweta au koti kabla ya kugusa," mwenyekiti akaongeza. "Mwongo hupenda kujifunika." Kisha yeye akawa wa kwanza. Alikigusa kifundo akiwa na koti lake, sweta yake ya shingo ndefu ndani, na viatu vyake miguuni. Vijani havikutikisika. "Mmeona?" akasema, akashusha pumzi.

Wakapita mmoja mmoja. Jecinta, rafiki wa Kavata aliyeketi naye benchi moja kila siku ya kushona, alivua sweta yake ya sufu, akagusa, vijani vikalala. Wangeci, mke wa Naftaly, aligusa akitazama pembeni, vijani vikalala. Wazee kwa vijana walipita na miguu yao mitupu juu ya sakafu nyekundu, na hakuna aliyeshikwa. Watu walianza kucheka na kupumua.

Kavata alikuwa wa mwisho, kwani alikuwa akipanga mabenchi. Alivua sweta yake ya nailoni, ile ya bluu aliyonunua soko la Gikomba, nayo ikalia ta-ta-ta kama chumvi motoni, jinsi ilivyozoea kulia majira yale ya ukame. Akasogea mezani na raba zake, akanyoosha kidole bila wasiwasi wowote.

Vijani vikaruka! Vilitengana papo hapo, kimoja kulia, kingine kushoto, vikabaki vimetanuka hivyo hivyo.

"Wacha! Mathe wetu wa ukumbi ameshikwa!" kijana mmoja akapiga kelele dirishani.

Kavata alikitazama kidole chake kana kwamba si chake. "Sikuchukua," akasema. "Haki ya Mungu sikuchukua. Chupa hii ina macho? Imeniona wapi? Mnanionea!"

"Wezi wote husema hivyo," Naftaly akajibu, kisha akakigusa kifundo kwa kidole chake, na vijani vikaanguka vikalala. "Mmeshuhudia? Mkono mchafu umekifungua, mkono safi umekifunga!"

Ukumbi ukapiga makofi. Ee, walipiga makofi! Watu aliowapikia chai, ambao watoto wao aliwalinda mvua ikinyesha, walimpigia makofi aliyemwita mwizi. Jecinta hakupiga, lakini pia hakusema neno.

Wakaenda nyuma ya ukumbi, wakakipindua chumba cha Kavata na kukitandaza juu ya nyasi. Godoro likatoka, masufuria yakatoka, Biblia ya Kikamba ikatupwa juu ya makaa. Nguo zake za ndani, zilizofuliwa mpaka zikawa kama chandarua, zilianikwa mbele ya macho ya wanaume, na vijana wakaziinua kwa vijiti. Koti la marehemu Matheka likatiwa mikono mifukoni. Hebu niambie wewe unayesoma, cherehani ya chuma huingiaje katika mfuko wa koti? Lakini siku ile hakuna aliyetaka kufikiri. Walitaka kuona.

Hawakupata kitu. "Ameshaiuza," Naftaly akatamka. "Mama Mbeti, Jumamosi ijayo lete cherehani. Ukishindwa, lete ufunguo, uhame chumba, na polisi watamalizia. Wako watu waaminifu wanaokihitaji chumba hicho." Wangeci alikuwa amesimama kando ya mumewe. Aliposikia hayo, aliinamisha kichwa akaondoka.

Wiki ile ilikuwa ndefu kwa Kavata. Dukani alihudumiwa wa mwisho. Bombani wenzake walivuta ndoo zao karibu na miguu. Yote hayo aliyavumilia, mpaka Mbeti aliporudi kutoka shuleni analia kwa kwikwi. Watoto walikuwa wamevumbua mchezo. Walimgusa Mbeti bega, kisha wakatanua mikono yao kulia na kushoto na kupiga kelele, "Mtoto wa mwizi! Vimefunguka!"

Kavata alimkumbatia mwanawe, na machozi yake yakakauka. Mahali pake palikuja hasira. Haikumtoka tena.

Ndivyo Kavata alivyokutwa na jirani yake Beldina, mwalimu kijana wa sayansi katika shule ya wasichana, aliyekuwa amerejea kutoka kwao Kisumu alikokuwa likizoni. Alibisha hodi jioni, akaketi kitandani, akasikiliza kisa chote. Kavata alipofika penye vijani vya dhahabu, mwalimu alisimama wima.

"Mama Mbeti, hicho kitu ninacho shuleni! Nakifundishia wasichana wa kidato cha tatu. Kinaitwa elektroskopu. Kinapima umeme uliolala juu ya vitu. Hakijui wizi, hakijui uongo, hakijui hata wewe ni nani."

"Umeme? Mimi nina umeme? Huku ndani tunawasha koroboi!"

Beldina akacheka kidogo. Akachukua kitana cha plastiki cha Mbeti, akakisugua kwa ile sweta ya bluu, akakishusha juu ya vipande vya gazeti alivyovichanachana. Vipande vikaruka vikashika kitana. "Huo ndio umeme. Nailoni ukiivua wakati wa ukame, inasuguana na nguo ya ndani, na umeme unabaki mwilini mwako. Hiyo ta-ta-ta unayoisikia ndiyo yenyewe. Ukigusa kile kifundo, umeme unashuka mpaka kwenye vijani. Vyote viwili vinapata umeme wa aina moja, na umeme wa aina moja hausikilizani. Vinakimbiana."

"Na wenzangu je? Nao walivua masweta."

"Wengi sufu na pamba. Tena, walikuwa na viatu?"

"Kwenye sakafu yangu? Nani athubutu!"

"Basi. Umeme ulipita kwenye miguu yao ukaingia sakafuni. Raba haipitishi umeme, kwa hiyo wako ulibaki." Mwalimu akauliza, "Hakuna mwingine aliyevaa viatu mle ndani?"

Kavata alisikia masikioni mwake ko-ko-ko ya soli nene kama tofali. Aliiona sweta ya shingo ndefu ya nailoni, ambayo mwenye nayo alijivunia kwamba ilitoka duka la mjini, si Gikomba. "Yuko," akasema polepole. "Yuko mmoja. Naye hakuvua kitu."

"Kesho kutwa nitasimama niwaeleze," Beldina akasema.

"Watakuambia wewe ni rafiki yangu, tumekula njama. Hawataki kuelezwa, Mwalimu. Waliona kwa macho yao. Nami nataka waone tena kwa macho yayo hayo."

"Utauzima uongo kwa uongo mwingine?"

"Sitasema neno moja la uongo. Nitaomba tu apimwe nilivyopimwa mimi."

Jumamosi ya pili watu walikuwa wengi kuliko ya kwanza, maana wapo wanaopenda kuona mtu akihama. Chupa ilikuwa mezani, imepanguswa vumbi. Naftaly alivaa vizuri zaidi siku hiyo: koti jipya, sweta yake ya shingo ndefu, raizoni zimepakwa rangi. Ukweli ni kwamba ile Jumamosi ya kwanza alikuwa amekigusa kifundo akitetemeka ndani kwa ndani, akijua analolijua, na kifaa kikamnyamazia. Tangu hapo alikiona kama rafiki.

"Mama Mbeti," akaita, "cherehani iko wapi?"

Kavata akasimama. Mkononi alishika ufunguo, ukiwa umefungwa kwa utepe mwekundu. Mbeti alikuwa mlangoni, na mzigo wa nguo zao ulikuwa tayari umefungwa shuka. "Cherehani sina, na ufunguo huu hapa. Lakini kabla sijauweka mezani nina neno moja. Mlinipima kwa kitu ambacho mmekifanya kiapo. Kwetu Mbooni kiapo hakiliwi na upande mmoja. Anayeshtakiwa hula, na anayeshtaki hula, tena kwa namna moja. Mimi nilivuliwa sweta mbele yenu. Mwenyekiti hakuvua hata koti."

Watu wakacheka. Naftaly naye akacheka. "Nilipimwa wa kwanza, mkinitazama!"

"Ukiwa na koti," sauti ikatoka benchi la pili. Alikuwa Jecinta. Alikuwa amesimama. "Sisi sote tulivua, Mwenyekiti. Mimi ni Mgikuyu kama wewe, na kwetu pia kiapo ni cha pande mbili. Juma lililopita nilinyamaza, na usingizi umenikataa tangu siku hiyo. Apimwe kama sisi."

"Apimwe! Apimwe!" madirisha yakaitikia. Vijana wale wale walioinua nguo za Kavata kwa vijiti sasa waliona mchezo mpya, nao hawakuchagua upande.

Naftaly hakuwa na mahali pa kurudi nyuma. Tena, alimwamini rafiki yake wa kioo. Akavua koti kwa madaha, akalining'iniza kwenye kiti. "Haya."

"Na sweta," Kavata akasema.

"Sweta pia?"

"Mwongo hupenda kujifunika. Ulisema mwenyewe."

Akaishika shingo ya sweta kwa mikono miwili, akaivuta juu ya kichwa. Ilikuwa imembana, basi ilisuguana na shati lake la nailoni kuanzia kiunoni mpaka masikioni, na ule mlio wa ta-ta-ta ulisikika mpaka benchi la tatu. Kichwa kilipotokeza, nywele zake chache zilikuwa zimesimama. Akasogea na viatu vyake virefu, ko-ko-ko, akanyoosha kidole akitabasamu.

Kabla kidole hakijatua sawasawa, cheche ililia tap! Vijani vikafunguka kwa nguvu hata kimoja kikaupiga ukuta wa chupa, kikanata kwenye kioo.

Naftaly alirudisha mkono kifuani kana kwamba ameumwa na nyuki. Alitazama chupa, akatazama watu, na jasho likaanza kumtoka puani.

"Kifaa kimeharibika!" akabweka. "Hii ni nguo tu! Hamkusikia nguo ilivyolia? Chupa hii ina macho? Imeniona wapi? Mnanionea!"

"Rudia hapo, Mzee," Kavata akasema.

"Nasema mnanionea!"

"Maneno hayo niliyasema mimi, nimesimama papo hapo uliposimama." Kavata sasa hakuifunga tena hasira yake. "Mimi nilipoyasema, ulijibu nini? Wezi wote husema hivyo! Nguo yangu ilipolia ikawa ni wizi, yako ikilia ni nguo? Kidole changu kikawa kichafu, chako kikawa nini? Ulimwaga maisha yangu kwenye nyasi, Naftaly Wanyoike. Ulitia mikono katika koti la maiti! Mtoto wangu anaguswa shuleni kama mwenye ukoma! Na leo umeguswa mara moja tu, hata dakika haijaisha, unalia?"

"Sheria ni yake," mtu akasema. "Atakayeshikwa na kifaa, nyumba ipekuliwe."

"Peupe!"

"Na asibishe!"

Mabenchi yakasukumwa. Watu wakaanza kuelekea mlangoni, wengine wameshachutama kuvaa viatu. Beldina aliinuka akapaza sauti, "Ngojeni! Kifaa hicho hakijui wizi! Hakikumjua Mama Mbeti na hakimjui huyu pia!" Hakuna aliyemsikiliza. Mkuki ulikuwa umeshapata nguruwe mpya.

Aliyewasimamisha alikuwa Wangeci. Alijipenyeza mbele ya wote, akanyoosha mikono, akaziba mlango.

"Msiende kwangu," akasema. "Nilisimama pale nikaona nguo za mwanamke mwenzangu zikiinuliwa kwa vijiti. Sitaki zangu ziinuliwe hivyo. Cherehani haiko kwangu. Iko mtaa wa Shauri Moyo, kwa mdogo wangu Nduta. Baba watoto alifungua kwa ufunguo wake, akampelekea ashonee yunifomu za wanafunzi, eti atairudisha kabla hamjajua. Lakini Mama Mbeti akagundua mapema. Na Nduta akasema anakitaka chumba pia. Niligusa ile chupa nikiomba inishike, nipate kusema. Haikunishika. Basi nasema bila kushikwa."

"Wangeci!" Naftaly akafoka.

"Niache, Baba Kinyanjui. Nimechoka."

Hapo kelele zilizopanda sina uwezo wa kuzieleza. Wapo waliomzomea Naftaly, wapo waliomsifu Wangeci, na alikuwako mama mmoja aliyeikumbatia chupa akisema, "Lakini kifaa ni cha kweli! Si kimemshika mwizi?"

"Kilinishika na mimi," Kavata akamwambia.

Yule mama akaiweka chupa mezani taratibu. Wengi waliinamisha macho wakaitazama sakafu, na kwa jinsi ilivyosuguliwa, kila mmoja aliuona uso wake.

Naftaly alimsogelea Kavata, sauti imemshuka mpaka ikawa ya mtoto. "Mama Mbeti, tafadhali. Tuyamalize kando, mimi na wewe. Usiniaibishe mbele ya watu. Mimi ni mtu mzima, nina watoto."

"Nami nina mtoto. Yule pale mlangoni." Kavata akafunga ufunguo kiunoni mwake. "Nyumba yako sitaki ipekuliwe, wala nguo za mke wako hazina kosa. Wewe nenda Shauri Moyo. Cherehani uilete mwenyewe, begani mwako, kwa njia ya sokoni, watu wakiwa wanaona. Na Jumatatu uende shuleni kwa Mbeti, uwaambie wale watoto mwizi alikuwa nani."

"Sokoni? Mchana huu? Huo si utu, Mama Mbeti! Mtu hafanyiwi hivyo!"

Watu wakatazamana. Hata waliokuwa na hasira walishindwa kujizuia, wakacheka.

Alienda. Alirudi jua likiwa bado kali, kichwa cha cherehani begani, shati la nailoni limemganda mgongoni, na nyuma yake vijana wa Jericho wakimgusa bega na kutanua mikono kulia na kushoto. "Vimefunguka, Mwenyekiti!" Alipofika mlangoni mwa ukumbi alimkuta Kavata amesimama na tambara lake.

"Viatu, Mzee," akasema Kavata.

Naftaly akainama akavua raizoni zake, moja baada ya nyingine, akaingia miguu mitupu, mfupi kama Mungu alivyomuumba, akaiweka cherehani mahali pake. Hakutazama chupa. Beldina alikuwa ameshaifunga kwa leso, tayari kuipeleka shuleni ikapime ilichotengenezewa.

"Yaani mmenitesa bure," Naftaly akanung'unika akitoka, machozi yanamlengalenga. "Binadamu hafanyiwi hivi."

Kavata alimtazama akienda, kisha akapiga magoti kuisugua sakafu, Mbeti akiwa pembeni akiufungua mzigo wa nguo zao. Juma zima lile binadamu huyu hakuwa amemwona mwenzake kuwa binadamu. Kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.